Asilimia Nne

Barua pepe elfu arobaini na moja, mia tatu na sita,
pamoja na jumbe za simu, risiti, picha za zege bichi,
zimemiminwa zote ndani ya programu hii
kama mahindi ya mashamba mengi katika ghala moja.
Kazi yangu, ghorofa ya sita, Upper Hill,
ni kupepeta.

Vitufe ni vitatu:
Inahusika. Haihusiki. Siri ya Wakili.
Hakuna kitufe cha Sijui.

Wakili Gathogo alinipa maneno ya kutafuta:
ufa, nyufa, saruji, nondo, kibali.
Programu ikayameza, ikacheua majibu kabla chai haijapoa,
kila ujumbe na alama zake kama mtoto wa shule.
Wa kwanza darasani, asilimia tisini na moja:
injinia Onyiego, kwa mkewe, Jumapili asubuhi,
"Tuongee, mama Kwamboka. Usipoziba ufa utajenga ukuta."
Mashine ikaona ufa, ikaona ukuta, ikashangilia.
Nikabofya Haihusiki
kwa haya, kama aliyefungua mlango wa bafu la watu.

Ndivyo ninavyowajua hawa ambao sijawahi kuwaona.
Najua karo ya nani haijalipwa.
Najua aliyeandika "futa hii ukishasoma,"
akasahau kwamba seva haijui kusahau.

Saa tatu usiku. Mvua inachapa vioo.
Nasimiyu ameshaenda, ameniachia nusu ya chapati.
Limebaki rundo la chini kabisa,
lile ambalo mashine inasema tusijisumbue:
pole, makiwa, michango ya mazishi.
Na humo, katikati ya rambirambi,
bawabu Lokwawi Ekai, saa nane na dakika kumi usiku,
wiki mbili kabla ya jengo la Tassia kulala chini:

"Bosi nguzo ya nne inalia usiku. Hata watoto wa juu wanasikia. Nifanye nini"

Asilimia nne.

Mashine ilisoma kilio, ikadhani ni matanga.
Siilaumu. Haijawahi kukesha mlangoni
sikio likiwa kwenye simiti.
Haijui kwamba ufa huwa sauti kabla haujawa mstari,
na kwamba asiye na neno la kihandisi
hushika lile alilo nalo.

Pembeni, kwa herufi ndogo za kijivu:
Umesomwa, saa nane na dakika kumi na mbili.
Jibu, hakuna.

Sasa niseme nilichokuwa nakikwepa:
huyo Bosi ndiye mteja wetu.
Yeye ndiye anayelipia taa hizi, kiti hiki,
na programu yenyewe, kwa mwezi.
Kidole kilijiendea chenyewe hadi kitufe cha tatu,
kikatua hapo, kikapumzika.

Lakini Lokwawi hakuwa wakili.
Hakuwa na siri. Alikuwa na tochi.

Inahusika.
Programu ikauliza kama nina uhakika.
Huuliza hivyo kila mara, hata kwa risiti ya misumari.

Kisha nikaongeza neno moja kwenye orodha ya wakili: kulia.
Ikazunguka, ikazunguka, ikarudi na mia mbili na tisa,
nyingi zikiwaelekeza madereva wa mchanga,
ukifika kwenye kituo cha petroli, kata kulia.

Nikavuta kiti.
Nikaanza na ya kwanza.