Picha ya Kifua

Mama aliitunza chini ya godoro miaka kumi na mmoja,
ndani ya bahasha ya kaki yenye muhuri wa hospitali:
mbavu za baba, kumi na mbili kila upande,
na kati yake mawingu meupe
aliyoyachimba mwenyewe Kiwira, zamu ya usiku,
makaa yakiwa bado yana bei.

"Ichukue," akasema. "Huku Isyonje unyevu utaila."
Hakuuliza naipeleka kufanya nini.

Maabara yetu Iyunga ina dirisha moja linalofunguka,
feni iliyovuliwa mapanga, cherehani isiyo na sindano,
na Ambakisye, anayenunua mayai kwa risiti
mpaka mhasibu akatuuliza kama tunafungua mgahawa.
Tunatafuta kitu kisichotaka kuonekana:
waya ulio wavu, wavu ulio kioo,
kioo kinachokunjika kama kitenge.
Wenye fedha hununua madini adimu na mitambo ya ombwe.
Sisi tuna ute wa yai.

Unaudondosha juu ya plastiki, feni inazunguka,
ute unatandaa, mwembamba kuliko utando wa maziwa.
Uache ukauke. Usiuguse. Usiupulizie.
Saa tisa alasiri unaanza kupasuka
kama mbuga ya Usangu Oktoba, mto ukishakwenda zake,
nyufa zikitafuta nyufa, zikipeana mikono,
hata ufa mmoja usibaki peke yake.
Humo ndimo fedha itapita.
Umeme haudai barabara pana; hudai isiyokatika.

Lakini fedha itoke wapi?

Nikaitandaza picha ya baba mezani, taa chini yake.
Ambakisye akavua kofia.
Kemia yake niliijua tangu chuoni,
ila mkono ulikuwa haujaijua:
kwenye filamu, fedha hukaa palipo na weusi,
na weusi ni pale mwali ulipopita bila kuzuiwa,
penye hewa.
Mifupa haina kitu. Vumbi halina kitu.
Yale mawingu yote yaliyomuua, nikiyatia kwenye tindikali,
hayatoi hata chembe.
Fedha ipo pale tu alipokuwa bado anapumua.

Nilikata kwa mkasi. Sitasema nilianzia wapi.

Mara tano ute ulilegea ndani ya amonia,
ukaelea kama kamasi. Mara ya sita
tuliufukiza kwanza juu ya birika, ukashika;
tukamimina maji ya fedha, na sukari kijiko,
sukari ileile ya chai, ya dukani kwa Mwashiuya,
nayo fedha ikajitenga, ikalala ndani ya nyufa.
Tukaubandua ute kwa utepe wa gundi, polepole,
kama unavyobandua bandeji kwa mtoto aliyelala.

Hakikubaki kitu. Yaani kilibaki,
ila nilimwona Ambakisye kupitia hapo,
chunusi zake zote.
Mita ikasema omu kumi na nne.

Tukaifunga kwenye cherehani. Nikakanyaga pedali:
kunja, kunjua, kunja, kunjua,
mia tatu, mia saba, elfu moja na kitu
(hesabu ilitupotea mvua ilipoanza kupiga bati),
taa ndogo nyekundu haikupepesa.

Julai nikapanda nayo Isyonje. Baridi ile
inayochoma majani ya viazi hadi yawe meusi.
Niliibandika kwenye kioo cha jikoni,
nikaiunga na betri ya pikipiki.
Mama akakisogelea kioo, akakihemea,
ukungu ukaenea kote, kisha
mahali pamoja, pa ukubwa wa kiganja, ukaanza kurudi nyuma.
Akaona shamba. Akaona mbuzi wa jirani ndani ya shamba.

"Sasa hicho kitu kiko wapi?"
"Hapo hapo unapochungulia."
Akahema tena, karibu zaidi, akasubiri.
Kisha akatoka kumfukuza mbuzi.