Upande wa Nyuma

Mimi huandika mabango, Mtaa wa Rufiji,
mlango wa pili ukimpita fundi saa.
Anayeanza namjua kabla hajaketi.

Kulwijila alikuja na karatasi nne.
Alitaka sangara mwenye taji,
ziwa, mawe yaliyopandana, jua likichomoza,
na jina lake kwa rangi ya dhahabu:
KULWIJILA SAMAKI BORA
MWANZA, BUKOBA, DUNIANI.
Hakuuliza bei.
Aliuliza kama maandishi yatasomeka
na mtu aliye juu ya kivuko cha Kamanga.

Siku ya tatu, nikimalizia taji,
akaingia Mama Nyanzobe,
ubao kwapani, umefungwa kwa kanga kuukuu.
Nikaufungua, nikaukuta mwandiko wangu:
MGAHAWA, enzi hizo nina nywele;
juu yake DAGAA WA JUMLA,
wale ambao mvua iliwakuta wameanikwa Igombe,
wakanuka hadi benki.

"Geuza," akasema, "upande huo bado mzima.
Andika BARAFU. Basi.
Rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo la mtu."

"Barafu tu?" Kulwijila akauliza.

"Wavuvi wakipata, watanunua.
Wasipopata, wauza soda wapo.
Umeme ukikatika, kuna jenereta Kirumba, ya kukodi,
nimeshaonana na mwenyewe.
Hesabu ikigoma hadi sabasaba, nafunga."

Aliitaja siku ya kufunga
kama mtu atajavyo siku ya gulio.

Kijana akacheka kidogo, kwa adabu.
Mama hakucheka.
Aliitazama dhahabu yangu ikikauka,
akaitazama kwa muda,
kama mtu anayepita nje ya nyumba aliyowahi kupanga.
"Siwezi tena kukitaka kitu hivyo," akasema,
sikujua anamwambia nani.

Kisha: "Mwanangu, wateja watakupigia wapi?"

Tukatafuta. Kwenye taji, kwenye mawe, kwenye jua.
Namba haikuwepo.
Nikaibana chini ya mkia wa sangara,
tarakimu kumi, nyeusi, ndogo kama chawa.

Namba ya mama sikuiuliza.
Niliinakili kutoka upande wa mbele:
ileile ya mgahawa,
ileile ya dagaa.

Nilipoweka brashi chini, hakusifu, hakukosoa.
Akaazima simu ya kijana,
akaisoma namba ubaoni, akabonyeza moja moja.
Mkoba wake ukaita.
Akakata, akalipa, akaondoka na rangi mbichi.