Beseni la Bluu

Nilibebwa kichwani, ndani ya beseni la bluu,
usiku ule Nyando ilipopanda hadi madirishani.
Nina hakika. Naukumbuka ufa wake,
ulioshonwa kwa waya, ukazibwa kwa plastiki
iliyoyeyushwa kwa kisu cha moto,
maji yakipenya tone kwa tone hadi kisiginoni pangu.
Namkumbuka kuku, kafungwa miguu kwa kipande cha leso, kimya,
na shingo ya Shangazi Turfosa chini yangu
ikitetemeka kama nguzo ya ua.

Kisa hiki nimekitembeza.
Nimekitoa kwa wachumba, wawili wakalia,
mmoja akauliza kuku aliishia wapi.
Nimekichomeka katika barua ya kuomba kazi.
Na mvua ya Aprili inapoyapiga mabati ya Manyatta
nami nimekaa kitandani, viatu miguuni, tayari kukimbia,
hujiambia: wewe wa beseni, lala.

Juzi tulikuwa kwa dada yangu Awuor, tunachambua omena.
Nikakianza. Watoto wake wanakijua,
walikuwa wakinitangulia maneno.
Awuor hakuinua macho.
“Wewe hukuwa kwenye beseni.
Wewe ulikuwa mgongoni mwangu,
unapiga mayowe, umenikojolea.
Wa beseni alikuwa Sila, yule wa kina Nyangweso.”

Omena mmoja akabaki kati ya vidole vyangu,
ananitazama kwa lile jicho lake dogo.
Miaka thelathini na minne,
na mimi nimekuwa nikiogelea katika maji ya mtu.

Kumpata Sila hakukuwa kazi.
Anaziba pancha Kibuye, nyuma ya wauza magodoro.
Nilimkuta amezamisha tyubu ndani ya maji
anatafuta mapovu,
na sikuuliza lile karai lake lilikuwa la rangi gani.

“Beseni?” Akacheka mpaka akaachia tyubu.
“Mimi nimeambiwa sufuria. Ile ya kanisa, ya pilau.
Na kuku hakuwepo. Kulikuwa na redio.”
Akafuta mikono kwenye suruali, polepole.
“Ila kuna mtoto aliyenishika sikio usiku kucha.
Hili. Sijawahi kuambiwa alikuwa nani.”
Akanivutia debe nikae.

Tukampigia Shangazi, huko Ahero.
Simu siku hizi huishika kinyume,
sauti yake hutoka kama mtu aliye chumba cha pili.
“Beseni lilikuwa moja,” akasema.
“Watoto sikuwahesabu.
Niliyemkuta analia, nilimtia.”
Kisha akauliza kama tumekula.

Awuor hajabadili neno. Mgongo wake, asema,
ndio shahidi, na mgongo hausahau mkojo.
Namwamini.
Namwamini, na kisigino changu bado kina baridi.

Krismasi Sila alikuja na mkewe na mkungu wa ndizi.
Watoto wakamzingira hata kabla hajavua kofia:
tuambie ya beseni, tuambie wewe.
Akajikohoza.
“Lilikuwa la bluu,” akaanza,
akanitupia jicho kwanza,
“na ndani mlikuwa na kuku.”

“Na redio,” nikasema.