Kipimo cha Nyumba Kubwa

Nilishuka Marikiti alfajiri nikijiapiza:
ndimu hamsini, wala usizidishe.
Nikarudi na gunia.

Si mimi. Ni mkono.
Mkono huu ulifunzwa na mama mkwe, Bi Khola,
jikoni mwake Kibokoni, enzi tulipokuwa kumi na wanne
mkeka mmoja, na mgeni hakosi.
Ulifunzwa kwa kugongwa na mwiko:
"Ndimu ipasue mara nne, usiifikishe chini.
Iwe ua, isiwe vipande.
Chumvi ya mawe. Hiyo ya unga watilie mayai."
Nikamuuliza chumvi yenyewe kiasi gani.
Akanijaza kiganja, akakifumba kwa kiganja chake:
"Kiasi hiki."

Basi kiasi ni hiki. Hakina nusu.

Sudi alisema, punguza, mke wangu, tuko wawili.
Mwaka jana nikapunguza.
Nikafumba, nikafumbua, nikarudisha chembe mfukoni
kama mtu alipaye deni kwa sumni.
Ikatoka chungu, ikafanya ukungu shingoni mwa chupa,
nikaimwaga mferejini usiku,
jirani asione.

Kwa hiyo leo ni gunia.
Dari nzima imetandazwa:
nyungo tano za ndimu,
mapande ya embe ngowe yaliyopakwa manjano,
ukwaju uliotolewa kokwa, ukapondwa na chumvi,
ukafanywa matonge kama ngumi za mtoto mchanga.
Nami nimekaa kwenye kigoda, redio ubavuni, fimbo mkononi,
nalinda kunguru.
Kunguru wa Mombasa haili achari. Huiba tu.
Juzi mmoja aliinyakua ndimu, ikamshinda angani,
ikatua juu ya kanzu ya maalim Badi, nyeupe, imeanikwa.
Tukaanza maneno.

Kutoa asubuhi, kuingiza alasiri kabla ya umande,
siku arubaini,
kama watoto wa chuo.
Goti la kulia laijua kila daraja ya ngazi.

Stoo iko chini ya ngazi hiyo, huingii ila umeinama.
Chupa za jamu, chupa za kahawa,
na moja kubwa ya kijani, yasemekana ilikuwa ya dawa ya farasi,
farasi wa nani, hakuna ajuaye.
Kila chupa na plasta yake, na wino:
Ya Ramadhani.
Ya wageni wa ghafula.
Ya Shamsa, akiwa na mimba.
Ya Talib, asiyekula pilipili.

Shamsa yuko Nakuru, watoto wake wapenda tomato ya dukani.
Talib yuko Sharja.
Bi Khola yuko Kikowani, mwaka wa sita.
Plasta naandika vile vile.

Msinione nimerukwa na akili.
Ndimu zikiadimika, moja ikauzwa bei ya yai,
mlango wangu hugongwa na vibakuli:
"Mama asema mna achari?"
Twasema tunayo. Na ukwaju je? Huo pia.
Na bado rafu haitoki.
Mwaka mpya naupanga mbele,
wa jana nausukuma nyuma, wa juzi nyuma yake,
mpaka kule kwenye ukuta ambako mkono haufiki
na ndimu zimekuwa nyeusi kama kahawa, laini,
hazihitaji meno.

Usiku wa Ijumaa nilisikia kifuniko.
Sauti ya kifuniko kilicholala miaka minne naijua:
kwanza hukataa.
Nikabaki kitandani, macho juu ya neti.
Chini, sahani. Kijiko. Wali wa baridi.
Mtu anakula kwa kusimama, gizani, polepole,
halafu kimya kirefu, halafu maji.

Asubuhi chupa ya Talib ilikuwa mahali pake,
imefungwa, imepanguswa vumbi,
pungufu ndimu mbili.
Sudi akaniuliza kama chai ina tangawizi.
Nikamwambia ina.

Alipotoka nikaibandua ile plasta, taratibu, isichanike,
nikaibandika juu ya chupa mpya ya leo.
Humo sikutia pilipili.