Kilichotoka Kwenye Koti

Robota lilikuwa la makoti ya baridi, daraja la pili.
Nililifungua Kiboriloni, Jumatano, jua halijapanda,
wateja wameshainama kama kuku penye mtama.
Koti la tisa, la sufu, rangi ya majivu,
lilikuwa zito upande mmoja.
Nikatia mkono. Bitana imetoboka.
Vidole vikashuka hadi kwenye pindo
vikaleta pete ya waya, funguo tatu,
na kisu.

Kisu, nasema, kwa kukosa jina dogo zaidi.
Urefu wake kidole changu cha mwisho.
Mpini wa mfupa uliogeuka rangi ya chai ya maziwa,
ufa mmoja, pini mbili za shaba,
na herufi zilizochongwa na mtu asiye fundi:
R, kisha kitu ambacho ni K
au ni mkwaruzo tu.
Nilikifungua kwa ukucha, ukucha ukavunjika.
Tone la mafuta ya cherehani ya Anasia,
usiku kucha juu ya gazeti,
asubuhi kikajifunga: tak,
kama mtu mzima aliyeamua kunyamaza.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Hiki changu nyama hakijaionja.
Kinakula nyuzi. Kinakula kamba za robota,
lebo za kola zinazowasha shingo,
ganda la chungwa, ncha ya penseli ya Ndelilio
asubuhi ya mtihani,
mwiba kisiginoni mwa mbeba mizigo
aliyelia kuliko mtoto.
Nimekwangulia vocha. Nimekatia keki ya ubarikio
vipande arobaini na kimoja,
maana kisu cha keki kilisahaulika Machame
na mchungaji alikuwa na njaa.
Hukinoa kwenye kitako cha kikombe,
pale pasipong'aa, mara kumi kila upande.
Ubavu wake umeanza kukonda.
Wangu unanenepa.

Mwezi wa sita nilishuka mjini, benki, habari ya mkopo.
Mlinzi, kijana wa Kibosho kwa lafudhi,
akanipitishia kile kifimbo chake, kikalia.
"Mama, una silaha."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nikakichomoa kwenye pete, nikakilaza
ndani ya sahani ya plastiki, kando ya mkanda wa mtu.
Huko ndani niliulizwa dhamana.
Nikasema nina kibanda, nina makoti,
nina miaka kumi na minne sokoni.
Dada wa mezani akaandika kitu kifupi.
Sikuhitaji kukisoma.

Nilipotoka kisu kilikuwa kinanata, kinanukia chungwa.
Mlinzi akageuka kuutazama mlima,
ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa gubigubi.
"Ni kikali," akasema, akiwa bado amenipa kisogo.
"Kidogo, lakini kikali."
Ndilo neno jema pekee nililopewa
katika jengo lile.

Zile funguo tatu sikuzitupa.
Anasia anasema chuma ni chuma, wapelekee wa skrepa.
Zinaning'inia msumarini nyuma ya mlango wangu,
mlango zisioweza kuufungua.
Umeme ukikatika, nikikaa gizani nakata uzi kwa kupapasa,
humwona R, kama ni R,
amesimama kwenye baridi ya huko kwao,
anajipiga mifukoni, kushoto, kulia, kushoto tena,
na koti ameshaligawa.
Sijui kama alivunja kitasa
au alilala kwa jirani.

Ungefika Kiboriloni, R,
mstari wa makoti, uulize mama Ndelilio,
funguo zako ningekupa bila hata shilingi.
Kisu, hapo
tungekaa kwanza tuongee.