Sentimita Saba

Mtambo uliletwa Jumatatu kutoka Sohari,
nguzo mbili za buluu ndani ya mbao na nailoni,
na kijitabu ambacho ukurasa wa kwanza wote ni masharti:
zege lisipungue sentimita kumi,
lisiwe na ufa karibu na nguzo,
lisiwe na umri chini ya siku ishirini na nane.
Nikamsomea mama kwa sauti.
Akasema, "Mbona kama barua ya posa."

Sakafu hii aliimwaga baba mwenyewe,
hapa Ibra, mwaka niliomaliza darasa la sita,
na kila mgeni aliyekuja kunywa kahawa
alipigiwa kisigino sakafuni, du, du:
"Hii, hata tembo mleteni."
Hakuna aliyeleta tembo.
Lendikruza moja tu ililala hapa miaka ishirini na mitatu
ikidondosha oili mahali palepale,
doa jeusi lenye umbo la figo.

Nikatoboa tundu la majaribio.
Keekee ikanguruma, ikauma,
vumbi la kijivu likanipanda kwenye kope,
halafu ghafla haikuwa na kitu cha kuuma.
Nikaingiza waya, nikaukunja, nikapima.
Saba.
Nikatoboa kwingine. Saba kasorobo.
Chini yake mchanga wa wadi, mkavu, na kigamba cha konokono.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakusema lolote kuhusu sakafu isiyo na ufa,
inayong'aa, inayodekiwa kila Alhamisi,
na ndani yake ni biskuti.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.
"Ndiyo," akasema, kana kwamba nimemuuliza.
"Mifuko kumi na minne ilikwenda kwenye chumba cha shangazi yako Nasra,
aliporudi na watoto wanne na sanduku moja.
Mimi nilikataa asijengewe.
Baba yako hakubishana. Alizidisha mchanga."
Akainama, akalitazama tundu.
"Nilijua kwa mlio wa kisigino chake.
Mwoka mikate hugonga akajua."

Delwar akaja na msumeno wa almasi,
akakata miraba miwili, tukachimba,
tukasuka nondo, tukamwaga saa tisa za usiku
kwa sababu Agosti ya Ibra hukausha zege kabla halijashikana,
na lililokauka, alisema Delwar, si lililokomaa.

Mama akatandaza magunia ya tende juu yake,
akayanywesha asubuhi, adhuhuri, jioni,
kwa birika la udhu. Mpira wa maji aliukataa.
Wiki moja ingetosha. Sikumwambia.

Siku ya ishirini na tisa, matundu kumi.
Kila moja nililisugua kwa brashi, nikalipuliza, nikalisugua tena,
maana vumbi ni shahidi wa uongo:
litaiambia bolti kwamba imeshika.
Nyundo. Bolti zikaingia shingo upande.
Kisha spana ya kupimia, navuta, navuta,
mpaka iseme tak.
Ya saba ilichelewa kusema.
Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe.
Tak.

Tukaipandisha Lendikruza shubiri moja, tukangoja.
Mita moja, tukangoja.
Mara ya kwanza naliona tumbo lake:
kutu, tope la mafuriko niliyoyasahau,
na bomba la moshi limefungwa kwa waya,
fundo la baba, mizunguko mitatu na mkia kukunjwa ndani
asije akamchoma mtu.

Mama akavua ndara, akagonga zege jipya kwa kisigino.
Hakutaja tembo.

"Wiki ijayo nitazikaza tena," nikamwambia, "kijitabu kimeagiza."
"Kaza," akasema.
"Ukimaliza hapa, uende kwa shangazi yako.
Chumba kile kina ufa juu ya dirisha.
Nenda na waya wako, ukapime."