Fomu Namba Nne

Saa kumi na moja alfajiri, makutano ya Buguruni.
Nimeketi juu ya kreti la soda, tochi nimeibana kwapani,
fomu namba nne imelala gotini.
Kazi yangu ni vijiti:
vinne vinasimama, cha tano kinavilalia wenzake,
ndiyo tano hiyo. Anza tena.

Safu ya kwanza lori, ya pili basi,
ya tatu gari dogo, ya nne bajaji, ya tano pikipiki,
na ya sita, kwa huruma tu, baiskeli.
Injinia Rweyendera alituambia siku ya mafunzo,
chaki vidoleni, jasho shingoni:
"Njia ya mwendokasi haichorwi kwa hisia.
Nileteeni idadi. Barabara itajisemea yenyewe."

Nikahesabu.
Lori la saruji likikohoa mlimani pasipo mlima,
bajaji iliyojitwika godoro,
pikipiki yenye watu watatu na jogoo:
kijiti kimoja, ndivyo tulivyofundishwa.
Kufika saa moja vijiti vimebanana
kama wanafunzi waliochelewa langoni.

Siku ya kwanza yule mama alipita.
Siku ya pili alisalimu.
Siku ya tatu akatua ndoo ya vitumbua,
akainamia karatasi yangu kana kwamba
anatafuta jina la mwanawe kwenye matokeo.
"We kijana, unaandika nini tangu juzi?"
Magari, mama. Inapangwa njia ya mabasi,
Mbagala mpaka Mwenge, bila kupita mjini.
"Mimi natoka Kiwalani kwa miguu. Nimo?"

Nikatazama lori. Nikatazama basi.
Hakuwamo.
Wala fundi mwashi na pimamaji lake begani,
wala watoto wawili wa sketi za kijani
wanaongoja pengo, wakashikana mikono, wakalikimbilia,
wala mlinzi anayerudi usingizini akiwa bado anatembea.

Tangu asubuhi ile nikawa mwizi mdogo:
pembezoni mwa fomu, kwa penseli,
kijiti kwa kila jozi ya miguu.
Pembezo ikajaa. Nikageuza karatasi.

Jumatatu ofisini, feni inazungusha joto lilelile.
Ramani imetandazwa mezani,
kila pembe imekaliwa na kikombe cha chai.
Injinia akaufuata mstari wake mwekundu kwa ukucha,
akafika Buguruni, akazishika fomu zangu.
"Na hivi vya pembeni?"
Watu.
"Watu wamo ndani ya magari."
Hawa hawamo.
Felista wa takwimu akasema, bila kuinua macho,
mashine yake haina pa kuwaweka.

Akachukua rula. Kutoka kituoni mpaka Kiwalani
ni sentimita saba. "Si mbali," akasema.
Sikusoma uinjinia, lakini sentimita hizo nazijua,
niliwahi kumsindikiza mama yule siku ya mvua:
zina reli, zina mtaro usio na kifuniko,
zina mbwa wa gereji asiyezoea mtu,
na karibu saa nzima, ndoo kichwani.
Nilisema hayo yote, au nusu yake. Sauti ilinikauka.
Injinia alikunywa chai iliyokwisha poa.
Hakunijibu. Aliniambia nifunge mlango.

Wiki sita baadaye ikatoka rasimu ya tatu.
Mstari mwekundu uko palepale, mnene, umenyooka.
Ila karibu na Buguruni kuna kijistari cha nukta nukta,
chembamba kama mshono wa kanga,
kinaelekea upande wa Kiwalani, kinakoma njiani.
Juu yake, kwa mwandiko ninaoujua:
njia ya miguu, mita mbili na nusu,
halafu alama ya kuuliza.

Nilimweleza Binti Chambuso (jina nililipata
siku aliponikopesha vitumbua vitatu):
Mama, sasa umo. Ila umewekewa alama ya kuuliza.
Akacheka hadi ukosi wa kanga ukamdondoka.
"Kuuliza si ujinga," akasema. "Haya, nitwike."

Nikamtwika. Akangoja pengo. Akavuka.
Kijiti kimoja.